Hazel McCallion, meya wa Mississauga kwa miaka 36: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila anapotajwa mwanasiasa aliyekaa madarakani hadi nywele zikawa nyeupe pe, atatokea mtu wa kumkumbuka yule bibi wa Kanada aliyeongoza jiji mpaka akafikisha miaka 93. Wengine husema alikuwa kiongozi bora kuliko wote, wengine husema aliuza mashamba kwa wajenzi wa nyumba na kuliacha jiji bila mpangilio. Maswali yaliyopo hapa ni yale yanayorudi kila mara. Pale ambapo nina maoni yangu, nimeyasema.

Hazel McCallion ni nani?

Ni mwanamke aliyekuwa meya wa Mississauga, katika jimbo la Ontario, kuanzia mwaka 1978 hadi 2014. Alishinda chaguzi 12 mfululizo. Alizaliwa tarehe 14 Februari 1921 na kufariki tarehe 29 Januari 2023, zikiwa zimebaki wiki mbili tu atimize miaka 102.

Mississauga ndiyo wapi? Si mtaa wa Toronto tu?

Ukiwahi kupanda ndege kwenda Toronto, umeshafika Mississauga bila kujua. Uwanja wa ndege wa Pearson, karibu wote, umo ndani ya mipaka yake. Ni jiji linalojitegemea upande wa magharibi wa Toronto, kando ya Ziwa Ontario, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi 713,443. Mwaka 1976 walikuwa kama 250,000. Kwa hiyo katika utawala wa mtu mmoja idadi ya watu iliongezeka karibu mara tatu. Mahali palipokuwa na mashamba na bustani za matofaa, leo pana barabara za njia sita, maduka makubwa na maghorofa.

Kumwita mkazi wa huko mtu wa Toronto lilikuwa jambo la kumuudhi Bi. Hazel kuliko mengi. Maisha yake yote ya siasa yalikuwa vita ya kuwaambia watu kwamba Mississauga ni mji, si chumba cha uani cha nyumba ya jirani.

Alitoka familia gani?

Alizaliwa Port-Daniel, kijiji cha pwani kwenye rasi ya Gaspé, jimbo la Quebec. Jina lake la ukoo lilikuwa Journeaux. Baba yake alikuwa na biashara ya samaki, kuvua na kusindika. Mama yake aliendesha shamba la familia na alikuwa muuguzi. Watoto walikuwa watano. Alisoma sekondari Quebec City na Montreal, akafanya kozi za ukatibu na biashara, basi. Chuo kikuu hakikuwezekana kwa sababu ya fedha. Shahada ya heshima ya udaktari wa sheria alipewa na Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 89.

Aliajiriwa na kampuni ya Kellogg ya Kanada. Si ile ya nafaka za kifungua kinywa, ingawa karibu kila anayesoma habari zake hudhani hivyo. Hii ilikuwa kampuni ya uhandisi, iliyojenga mitambo ya viwanda. Ndiyo iliyomhamishia Toronto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kusaidia kufungua ofisi mpya. Alipoingia kwenye vikao vya madiwani miaka mingi baadaye na kuanza kuwauliza wahandisi wa jiji maswali ya kina juu ya mabomba na lami, hakuwa akijifanya. Alikuwa ameshazoea mafaili ya namna hiyo tangu ujana.

Ni kweli alicheza hoki kwa kulipwa?

Kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alichezea timu ya wanawake ya hoki ya barafuni huko Montreal na kulipwa dola 5 kwa mechi. Mapenzi ya mchezo huo hayakumtoka. Hata akiwa meya mzee alivaa viatu vya barafu na kuteleza, huku wapiga picha wakimkimbilia.

Aliingiaje kwenye siasa?

Aliingilia mlango wa kijijini. Aliolewa na Sam McCallion mwaka 1951, wakaishi Streetsville, mji mdogo wenye mto na kinu cha kusaga unga. Walianzisha gazeti dogo la mtaa. Hazel akaingia kwenye bodi ya mipango miji, akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi mwaka 1970 akawa meya wa Streetsville. (Mwaka huohuo Margaret Kenyatta alikuwa akiingia kwenye umeya wa Nairobi, zama zile mameya wanawake walihesabika kwa vidole popote duniani.)

Kisha serikali ya jimbo ikaamua kuiunganisha Streetsville na Port Credit pamoja na Mississauga kuwa jiji moja kuanzia tarehe 1 Januari 1974. Hazel alipinga kwa nguvu zote, akashindwa. Mji wake ukafutwa na umeya wake ukafutwa pamoja nao. Mtu mwingine angesusa. Yeye aligombea udiwani kwenye lilelile jiji jipya alilolikataa, akashinda, na mwaka 1978 akamwangusha meya aliyekuwepo, Ron Searle, kwa takriban kura 3,000. Hakuna aliyewahi kumkaribia kwa kura kiasi hicho tena.

Mtu anawezaje kuwa meya miaka 36? Hakuna ukomo wa vipindi?

Hakuna. Ontario haina sheria ya kumzuia meya kugombea mara nyingi apendavyo. Vipindi vilikuwa vya miaka miwili, vikawa vya miaka mitatu, na kuanzia uchaguzi wa 2006 vikawa vya minne.

Swali hili huulizwa sana na wasomaji wa Tanzania na Kenya, nadhani kwa sababu umeya wa kwetu ni mnyama mwingine. Tanzania, wananchi humchagua diwani, na madiwani ndio wanaokaa wakamchagua meya miongoni mwao. Mkurugenzi wa jiji huteuliwa na Rais. Kenya nayo, baada ya Katiba ya 2010, iliweka magavana wa kaunti wanaochaguliwa na wananchi moja kwa moja, na gavana haruhusiwi kupita vipindi viwili. Kule Ontario mwananchi humpigia kura meya mwenyewe, jina kwa jina, na jina hilo halina nembo ya chama pembeni.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika miaka yote ya Bi. Hazel, kisheria meya wa Ontario alikuwa na kura moja tu kwenye baraza, sawasawa na diwani yeyote. Hakuwa na kura ya turufu wala uwezo wa kutunga bajeti peke yake. Nguvu zake zote zilikuwa za ushawishi. Kujua faili kuliko aliyeliandika, kumpigia simu waziri mkuu wa jimbo na kupokewa, na kumkumbusha diwani mkaidi kwamba wapiga kura wake wanampenda meya kuliko wanavyompenda yeye. Waliokaa naye barazani wanasema hakuwa na simile. Diwani aliyekuja bila kusoma makabrasha aliumbuka mbele za watu.

Kwa nini walimwita Kimbunga Hazel?

Mwaka 1954 kimbunga kilichopewa jina la Hazel kilipiga Toronto na vitongoji vyake na kuua watu 81 Ontario. Kizazi kizima kilibaki na jina hilo masikioni. Alipotokea mwanasiasa mdogo wa umbo, sauti kali, jina Hazel, nani angeacha kumpachika?

Ni nini kilitokea mwaka 1979?

Kama unataka kuelewa kwa nini watu walimpigia kura miaka 36, anzia hapa.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Novemba 1979, ikikaribia saa sita, treni ya mizigo ya Canadian Pacific yenye mabehewa 106 ilikuwa ikipita katikati ya Mississauga. Beringi ya gurudumu moja ilikosa mafuta, ikapata moto, ekseli ikachomoka, na karibu na makutano ya barabara ya Mavis mabehewa yakaacha reli. Baadhi yalibeba gesi ya propani. Yalilipuka, na mwanga wa mlipuko ulionekana umbali wa kilomita 100. Hilo lilikuwa baya, lakini katikati ya moto ule kulikuwa na behewa la klorini lililotoboka.

Klorini ni sumu iliyotumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kuingia majumbani. Na upepo ulikuwa ukigeuka.

Polisi walianza kuhamisha mitaa ya jirani. Upepo ukibadilika, wakahamisha mingine. Ilipofika Jumapili usiku, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wametolewa makwao, yaani takriban robo tatu ya jiji lote. Hospitali tatu na nyumba za wazee zilihamishwa, wagonjwa wakiwa vitandani. Waliokuwa wamekimbilia kwenye maduka makubwa ya Square One wakaambiwa nako kuna hatari, waondoke tena. Hakuna uhamishaji mkubwa kuliko huo uliofanyika Amerika Kaskazini wakati wa amani hadi kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005.

Meya alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Katika pilikapilika za siku ya kwanza alitegua kifundo cha mguu, akawa anachechemea kwenda kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Picha ile ya mama wa miaka 58 anayejikongoja kwenye korido, anakaa, anasema jiji litafunguliwa pale wataalamu watakapothibitisha usalama na si dakika moja kabla, ndiyo iliyomtambulisha kwa nchi nzima. Kulikuwa na shinikizo kubwa. Wenye biashara walikuwa wakipoteza fedha kila siku, watu walitaka kurudi kulisha mifugo yao ya ndani. Mji haukufunguliwa wote hadi tarehe 16 Novemba.

Waliokufa: sifuri.

Sifa zote hazikuwa zake, na itakuwa dhuluma kumpa yeye peke yake. Wazima moto walikaa siku kadhaa karibu na lile behewa, na polisi waligonga mlango baada ya mlango. Ila kwenye janga, watu wanahitaji uso mmoja wa kuuangalia na sauti moja isiyobadilisha maneno kila saa, na hiyo waliipata kwake. Ukiniuliza mimi, ukubwa wake uko kwenye wiki ile kuliko kwenye vitabu vya hesabu ambavyo ndivyo husifiwa zaidi.

Aliendeshaje jiji bila deni?

Hapa pana sifa na pana ujanja, na lazima visemwe pamoja.

Sifa: kwa miongo kadhaa Mississauga haikuwa na mkopo wowote. Ilijenga kwa fedha taslimu na kuweka akiba. Kwa takriban muongo mzima wa 1990 kodi ya majengo ya jiji haikupandishwa. Majirani zake walipokuwa wakilia na madeni, Bi. Hazel alikuwa akiwapiga vijembe. Alipenda kusema jiji linapaswa kuendeshwa kama nyumba au biashara, na kwa mtu aliyelelewa na wazazi waliouza samaki na mazao, hakuwa akitoa hotuba tu.

Ujanja: kila nyumba mpya inapojengwa Ontario, mwekezaji hulipa jiji ada ya uendelezaji ili kugharimia barabara, mabomba, maktaba na vituo vya zimamoto vya wakazi wapya. Mississauga ilikuwa na mashamba tele. Kila mwaka mashamba yaligeuzwa viwanja, viwanja vikageuka nyumba, ada zikamiminika. Barabara zilikuwa mpya, mabomba mapya, hivyo hakukuwa na cha kukarabati. Ni sawa na kijana aliyeanza kazi juzi, hana watoto, gari jipya, halafu anawacheka wazee kwa sababu wana bili za hospitali.

Kisha ardhi ikaisha. Mwanzoni mwa karne hii mashamba makubwa yalikuwa yamekwisha kujengwa, ada zikapungua, na barabara zilizowekwa lami miaka ya 1970 zikaanza kudai matengenezo zote kwa wakati mmoja. Kodi zikapanda. Mwaka 2013, kabla hata hajaondoka ofisini, jiji lilirudi kukopa.

Je, alidanganya watu? Sidhani. Nidhamu ya fedha ilikuwa ya kweli. Kuna miji iliyopata ada hizohizo na ikazitapanya. Lakini namna ya kujenga aliyoiruhusu, ya nyumba zilizosambaa na maduka ya kufikiwa kwa gari, ndiyo iliyoleta fedha mwanzo na gharama mwisho. Miaka ya mwisho alikiri mwenyewe hadharani kwamba mtawanyiko ule ulikuwa kosa, akageukia kujenga kwenda juu. Kukiri huko ni nadra kwa mwanasiasa. Kulikuja kuchelewa pia.

Inasemekana hakufanya kampeni. Ni kweli?

Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Hakuweka mabango, hakuchangisha fedha, na aliwaambia waliotaka kumchangia wapeleke fedha hizo kwenye misaada. Mara mbili alipita bila kupingwa. Mwaka 2003 alipata asilimia 92, mwaka 2006 asilimia 91.

Wanaosimulia hili kama muujiza husahau kwamba kampeni yake ilikuwa ya siku 365. Hakukosa ufunguzi wa duka, sikukuu ya msikiti, karamu ya hekalu, harusi, mazishi. Siku moja aliweza kuhudhuria shughuli tano. Alijiendesha mwenyewe kwenye gari. Ukishakula pilau kwa watu miaka 30, bango la nini?

Alikuwa chama gani?

Hakuna. Alifanya kazi na mawaziri wakuu wa vyama vyote na kuwagombeza wote.

Kashfa ya mwanawe ilikuwaje?

Hili ndilo doa kubwa, na mashabiki wake hupenda kuliruka.

Kwanza, halikuwa la kwanza. Mwaka 1982 mahakama ilimkuta na mgongano wa maslahi kwa sababu alishiriki kikao kilichojadili mpango wa ardhi uliohusu pia ardhi yake. Jaji aliona ni kosa lililofanywa bila nia mbaya, akabaki na kiti.

La pili lilikuwa zito zaidi. Miaka ya 2000 jiji lilitamani hoteli kubwa yenye kumbi za mikutano karibu na ofisi zake. Ardhi iliyolengwa ilikuwa mikononi mwa mfuko wa pensheni na mshirika wake. Kampuni iliyojitokeza kununua, World Class Developments, ilimhusu mwanawe, Peter McCallion. Mwenyewe alijitambulisha kama dalali wa nyumba na viwanja tu, ilhali alikuwa na maslahi ndani ya kampuni. Meya alijitangaza kuwa na mgongano wa maslahi jambo lilipofika barazani, lakini nje ya baraza aliendelea kukutana na wahusika na kuusukuma mradi uende. Mpango ulikufa, kesi zikafuata, na mwishoni mwa 2009 madiwani wakapiga kura kuitisha uchunguzi wa kijaji.

Jaji Douglas Cunningham alitoa ripoti Oktoba 2011. Alisema wazi kwamba meya alikuwa kwenye mgongano wa maslahi, wa kweli na wa kuonekana. Shida ni kwamba sheria ya Ontario iliyokuwapo iliangalia yanayotokea kikaoni pekee, wakati mambo yaliyoliwa yalipikwa vyumba vingine. Alipendekeza sheria ipanuliwe.

Mwaka 2013 kulikuwa na kesi nyingine, ya mkazi aliyedai kwamba kura ya mwaka 2007 juu ya ada za uendelezaji ingeiokolea kampuni ya mwanawe fedha nyingi. Jaji aliitupa. Angeshindwa, angevuliwa umeya akiwa na miaka 92.

Utetezi wa Bi. Hazel ulikuwa uleule siku zote, kwamba jiji lilihitaji hoteli na alikuwa akilipigania jiji. Naamini alikuwa akisema ukweli kama alivyouona. Na hapo ndipo tatizo lilipo. Mtu akishakaa miaka 30 hawezi tena kutenganisha jiji na sebule yake, na hakuna aliyebaki chumbani mwenye ubavu wa kumwambia, "Mama, hapana, hili tuachie."

Wapiga kura walimwadhibu?

Kidogo. Uchaguzi wa 2010 ulifanyika ushahidi ukiwa umeshasikilizwa hadharani. Alipata asilimia 76. Kwa wengine huo ni ushindi wa kishindo. Kwake ulikuwa mteremko.

Uhusiano wake na wahamiaji ulikuwaje?

Mchanganyiko. Alipoanza, jiji lilikuwa la Wazungu kwa sehemu kubwa. Alipoondoka, zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa wamezaliwa nje ya Kanada. Miongoni mwa waliokuja mapema ni Waasia wa Afrika Mashariki, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972, na maelfu yao walipokelewa Kanada. Hadi leo kwenye duka la vyakula la Mississauga unaweza kusikia wazee wawili wakianza kwa Kigujarati na kumalizia kwa Kiswahili, mmoja akiulizia mihogo.

Mwaka 2001 Bi. Hazel alisema maneno mabaya juu ya wagonjwa waliovaa mavazi ya makwao kujaza chumba cha dharura cha hospitali, akidokeza kwamba wageni wanatumia huduma wasizochangia. Alilaumiwa vikali, na kwa haki. Miaka iliyofuata jamii hizohizo ziliendelea kumwalika na kumpigia kura. Wapo wanaosema walisamehe, wapo wanaosema walihesabu tu nani ana funguo za jiji. Pengine yote mawili.

Ni kweli aligongwa na gari?

Ndiyo, mwaka 2003, akiwa na miaka 82, akivuka barabara. Alipata michubuko. Siku chache baadaye alikuwa kazini.

Aliondoka lini na nani akamrithi?

Siku yake ya mwisho ilikuwa 30 Novemba 2014. Hakuwa amewahi kuandaa mrithi, na alikaa kimya karibu kampeni yote. Wiki za mwisho tu ndipo alipotamka kwamba anamwona Bonnie Crombie anafaa kuliko mpinzani wake mkuu, Steve Mahoney. Kura za maoni zikapinduka, Crombie akashinda kwa mbali. Neno moja la bibi lilitosha.

Alistaafu kweli?

Hapana. Mwaka 2016 akawa mkuu wa Chuo cha Sheridan, ambacho kampasi yake ya Mississauga, kwa bahati isiyokosa kejeli, imejengwa kwenye ardhi ile iliyokusudiwa hoteli. Mwaka 2017 aliteuliwa kwenye bodi ya mamlaka ya viwanja vya ndege vya Toronto, na mwaka 2022, akiwa na miaka 101, akaongezewa muda wa miaka mitatu. Wataka kujua waliompa miaka mitatu walikuwa wakifikiria nini? Labda walishamzoea.

Alifariki nyumbani kwake Mississauga kwa saratani ya kongosho. Mumewe Sam alikuwa ametangulia mwaka 1997 baada ya kuugua ugonjwa wa Alzheimer. Mazishi ya kiserikali yalifanyika tarehe 14 Februari 2023, siku ambayo angetimiza miaka 102, na Waziri Mkuu Justin Trudeau alikuwepo.

Sheria yenye jina lake ni ipi?

Mississauga iko chini ya mamlaka ya mkoa wa Peel pamoja na Brampton na Caledon, na Bi. Hazel alidai miaka mingi kwamba jiji lake linawalipia wenzake. Miezi michache baada ya kifo chake, bunge la Ontario lilipitisha Sheria ya Hazel McCallion ya kuuvunja mkoa huo. Kabla mwaka haujaisha, Desemba 2023, serikali hiyohiyo ikabadili mawazo baada ya kuona hesabu za gharama. Mkoa upo. Namna ambavyo angeipokea habari hiyo kila aliyemfahamu anaweza kuikisia.

Nikifika Mississauga, nione nini cha enzi zake?

Anza na jengo la jiji lililofunguliwa mwaka 1987. Wasanifu walilichora lifanane na shamba, lenye mnara wa saa na sehemu iliyo kama ghala la nafaka, kukumbusha palikuwa nini kabla. Wengine huliona zuri, wengine huliona kama kiwanda cha saruji. Mimi nimo katikati. Mbele yake kuna uwanja wa Celebration Square, mahali pa matamasha na futari za Ramadhani. Tembea dakika chache uone yale maghorofa mawili ya Absolute World yaliyojipinda kama kiuno, ambayo watu wa mji huyaita Marilyn Monroe. Kisha nenda Streetsville, kule alikoanzia, ambako bado wazee wanakwambia kwamba kuunganishwa kule mwaka 1974 kulikuwa wizi.

Ukitaka kuvuka kutoka kimoja kwenda kingine utahitaji gari, maana ndivyo jiji lilivyojengwa. Kando ya barabara ya Hurontario utakuta reli ya treni za umeme ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 2020, kilomita 18 kutoka Port Credit hadi Brampton. Mwaka 2022 ilipewa jina la Hazel McCallion, akiwa bado hai kulishuhudia. Hakuwahi kuipanda.